Barua kwa Shaibu kuhusu yule monsta wa barafuni

Shangani, Mtwara

Oya Shaibu mwanangu,

Mambo vipi huko Lindi, mama hajambo? Sisi huku tuko poa, msimu wa korosho umeshika kasi kwaiyo malori kila kona na mji umechangamka, shemeji yako anakusalimia na anauliza lini utashuka uje ule ming'oko kama zamani.

Sasa twende kwenye ile karatasi ya monsta uliyonitumia. Nimeisoma vizuri na nakwambia kweli kwa sababu napenda hii gemu yetu ya mezani, ya kuigiza hadithi kwa dadu, na najua jinsi unavyojitoa kuwachezesha wale vijana kila Jumamosi: huyu bado. Umempa damu 220, yaani pointi za uhai, anatema barafu, makucha ya kioo, moto unamuumiza mara mbili, lakini nikiondoa hiyo barafu mdomoni nabaki na simba uliyempaka chokaa. Angeweza kukaa jangwani au msituni na hakuna kitu kingebadilika. Na wachezaji wako wajanja, wataona neno theluji watanunua chupa za mafuta na mienge, watamchoma, raundi nne kwisha habari.

Mimi naona mnyama wa baridi hatishi kwa sababu ya baridi, anatisha kwa sababu ya njaa. Kule chakula kiko mbali mbali na kila hatua inakula mafuta ya mwili wake, kwaiyo hawezi kuzurura akirukia kila kitu, lazima ajue kusubiri. Angalia dubu mweupe wa Aktiki, kule kaskazini kabisa ya dunia, dume anaweza kupita kilo 500 na chini ya ngozi ana mafuta yanayofika sentimita 10, lakini chakula chake kikubwa ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi anayepumua hewa kama sisi, na sili hamuwezi ndani ya maji. Anachofanya anatafuta tundu kwenye barafu ambalo sili anakuja kuvutia pumzi, anakaa pembeni, saa nzima, masaa, hatikisiki, yule akitoa pua tu imeisha. Alafu akishamuua anaanza kula mafuta kwanza, akishiba mara nyingi nyama anaiacha, na mbweha weupe wanamfuata nyuma wanaokota. Hapo tayari umepata dalili ya kuwapa wachezaji bila kuwaonyesha monsta: wanakuta sili kabakishwa nyama, mafuta yote hakuna, na mbweha wako pale hawaogopi watu, wanaangalia upande mmoja tu. Hiyo usiipigie dadu, wape bure, waache wajiulize wenyewe.

Mwili wake usiubuni kutoka hewani, baridi yenyewe ndo inachonga. Bergmann, mtaalamu wa viumbe wa Ujerumani, aliandika tangu 1847 kwamba wanyama wa jamii moja wanaokaa kwenye baridi huwa wakubwa zaidi, na Allen, mtaalamu wa wanyama wa Marekani, mwaka 1877 akaongeza kwamba masikio na mikia na miguu inakuwa mifupi, mana sehemu zilizochomoza ndo zinapoteza joto. Kwaiyo yale mapembe marefu na mkia wa mijeledi uliomchorea toa yote. Wangu nimemwita Ngojea, mkubwa kuliko fahali, shingo ndefu kiasi ya kuingiza kichwa tunduni, masikio madogo yamelala kwenye manyoya, nyayo pana zina manyoya katikati ya vidole asiteleze wala asisikike. Na manyoya yenyewe yasiwe meupe kweli, fanya kama ya dubu, kila unywele hauna rangi, ni mwanga tu unafanya uone mweupe, ila ngozi chini ni nyeusi tii.

Hapo ndo nataka ubadilishe ile sheria ya moto. Usimpe maumivu mara mbili, moto umuumize kama unavyomuumiza mnyama yeyote, ila pale alipoungua manyoya yanaondoka na ngozi nyeusi inabaki wazi. Kuanzia hapo bega lake linaonekana kwenye theluji. Mchezaji akimpiga mwenge mmoja hajamuua lakini amempa alama, na siku tatu mbele wakiona doa jeusi linatembea lenyewe kwenye weupe watajua ni nini, na watajua kwamba ni yule yule amewafuata.

Udhaifu wake wa kweli uwe joto lake mwenyewe. Mwili uliojengwa kutunza joto hauwezi kulitoa haraka, dubu mweupe akikimbizwa muda mrefu anachemka, inabidi asimame ajilaze kwenye theluji apoe. Kwaiyo Ngojea raundi tatu za kukimbia yuko fiti, ya nne spidi nusu, ya sita anaacha anajilaza tumbo chini. Kumshinda si kumpiga sana, ni kumlazimisha akimbie, na hiyo inamtaka mtu mmoja awe chambo akimbie kwenye barafu asiyoijua unene wake wakati wenzake wako mbali. Nani atajitolea? Hapo meza nzima itanyamaza, na hicho ndo unachokitafuta.

Sasa kitu kilichonifanya nikae niandike barua ndefu hivi. Shaibu wewe ni mtu wa Lindi, hii habari ya mnyama anayekula watu huihitaji kuitoa mbali. Unakumbuka zile stori za simba tulizokuwa tunasikia tukiwa wadogo, watu wanaingia ndani kabla jua halijazama? Kuna utafiti ulitoka 2005, kina Craig Packer, mtafiti wa simba, walihesabu tangu 1990 mpaka 2004 watu zaidi ya 560 waliuawa na simba Tanzania, na mkoa wenu ni kati ya sehemu zilizoumia sana. Na sababu waliyoiona haikuwa simba wamekuwa wakali tu hivi hivi. Wanyama wengine wamepungua, nguruwe pori wamebaki na wanaingia shambani kula mazao, mkulima analala kwenye dungu kuwalinda msimu wa mavuno, simba anamfuata nguruwe anamkuta mtu. Mnyoofu kabisa huo mnyororo, kila mmoja anafuata tumbo lake na katikati kuna mtu wa watu na kipande chake cha blanketi.

Jenga ghuba lako la barafu, pale hadithi yako inapochezwa, hivo hivo. Kwenye ramani yako kuna kijiji cha wavuvi, wanatoboa barafu wanakaa juu ya tundu usiku na ndoano, wamejifunika ngozi. Mwaka huu barafu ya nje imevunjika mapema, sili wamehama, samaki wamejaa karibu na kijiji na sili wachache waliobaki wamewafuata. Ngojea kamfuata sili. Na kiumbe ambaye maisha yake yote amejifunza kukaa kimya akiangalia tundu la barafu sasa anakuta kwenye kila tundu kuna kitu kina mafuta, kina joto, kimeinama, hakiangalii nyuma. Hana chuki na mtu. Kwake yule mvuvi ni tundu lililofunguka upande wa juu.

Alafu weka mwezi. Hao hao watafiti 2011 waliangalia mashambulizi ya simba zaidi ya 1,000 ya 1988 mpaka 2009 wakaona watu wanashambuliwa zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, mana siku hizo jioni inaingia giza kabla mwezi haujachomoza na simba ametoka kwenye siku za mwanga mwingi alizokuwa hashibi vizuri. Kule kaskazini kabisa wakati wa baridi kali jua halichomozi, na mwezi ukikaribia kupevuka unazunguka angani siku kadhaa hauzami, baadae unazama nao siku kadhaa hauonekani kabisa. Kwaiyo wanakijiji wamezoea kuvua kwenye mwanga wa mwezi na ukiondoka wanajifungia. Wape wachezaji siku za mwanga kwanza, wazunguke, waongee na watu, wajione salama, wakati wewe kwenye daftari lako unahesabu njaa ya Ngojea inapanda kila siku. Mwezi ukizama tu ile siku ya kwanza kuna mtu hakurudi kutoka tunduni.

Na utakuwepo ule mdomo wa kijiji pia. Wazee wa huku simba akirudia rudia watu wanasema huyo si simba bure, kuna mtu kamtuma. Hilo lilete, kwa heshima, usilifanye kichekesho, mana watu wakifiwa hivyo wanatafuta sababu yenye sura ya mtu. Wavuvi wawe wameshaanza kumtazama vibaya bibi mmoja anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, ambaye tundu lake halijaguswa. Wachezaji wakichunguza watakuta bibi anavua mwezi ukiwa angani tu na mabaki ya samaki anayatupa mbali, alishamsoma yule mnyama miaka mingi kabla yao, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Kama watamfikia kabla ya wenye hasira, wana mwalimu. Wakichelewa wana mnyama na hawana anayejua tabia zake. Naomba usiwasaidie hapo hata kama utawaonea huruma.

Damu mpe 140 inatosha, hiyo 220 haina kazi tena, na pumzi ya barafu futa kabisa.

Nijibu kabla ya Ijumaa kama hii ya mwezi unaikubali, ukikubali nakuandikia kalenda yote ya giza na mwanga ya ghuba pamoja na njaa yake siku kwa siku, wewe nitumie tu ramani yenye matundu ya wavuvi yote na la bibi uliwekee alama. Msalimie mama sana.

Wako,
Bakari