Mwanangu, ondokeni leo

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa stoo, nimekalia kreti ya soda, maana uani makelele ni mengi. Mama yako ametimiza miaka 60, ndafu imeshakatwa, na wewe umepiga simu, umemwimbia, umecheka, ukasema huko shwari. Yeye amekuamini. Mimi nimesoma taarifa ya saa kumi na mbili ya kimbunga Milton kinachokuja huko kwenu Tampa, Florida.

Taarifa kamili za Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami, kwa saa za Moshi, hutoka saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Katikati huongezwa fupi, kimbunga kikishakaribia nchi kavu. Kwa hiyo usinifiche kitu, nazisoma.

Umeniambia Milton kimeshuka kutoka kategoria ya 5 ya jana hadi ya 4, kama mtu anayesema bei ya sukari imeshuka. Kategoria hupima upepo peke yake. Ukuta wa jicho, ile pete ya upepo mkali inayozunguka kitovu, ukibadilika, ule wa ndani hufa na wa nje hukaza kuchukua nafasi yake. Kasi hupungua kidogo, upepo hutapakaa eneo kubwa zaidi, kisha kimbunga huweza kupanda tena. Na maji yaliyokwisha kusukumwa hayangoji kategoria. Ghuba ya Tampa imetabiriwa maji ya futi 10 hadi 15 juu ya ardhi. Hiyo ni mita tatu hadi nne na nusu, na kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Ninyi mnakaa chini, kanda A, ile inayoamriwa kuhama kwanza. Ni ile nyumba niliyosema ichukueni, kodi yake nafuu na upepo wa bahari unaingia. Haya.

Ondokeni leo. Kwenu sasa ni saa tano asubuhi, mna mchana mzima.

Mumeo anasema 2022 walitisha hivi hivi, kimbunga Ian kikaishia upande wa Fort Myers. Kweli kilikengeuka. Awaulize basi watu wa Fort Myers. Ile pembe nyeupe ya kwenye ramani inaonyesha tu njia ya kitovu, na kitovu chenyewe hutoka nje yake karibu mara moja katika kila tatu. Upepo wa huko huzunguka kinyume cha saa: jicho likitua kaskazini mwa ghuba, bahari inasukumwa ndani, likitua kusini, maji yananyonywa kwenda nje. Leo hakuna anayeweza kukuapia litatua upande gani. Na mkisikia ghuba imekauka, kama ilivyokuwa kwa Irma 2017 na Ian 2022, asishuke mtu kupiga picha. Yale maji hurudi.

Halafu kuna takataka za kimbunga Helene. Ulinitumia picha mwenyewe: magodoro, makabati na friji zimerundikwa kando ya barabara tangu mwisho wa Septemba. Helene kilipita mbali baharini na bado kikawaletea yote hayo. Maji yakija safari hii yatayabeba na kuyagonga milangoni.

Si lazima mfike Georgia. Maji unayakimbia, upepo unajificha usikupate. Kilomita 30 au 40 kuelekea bara, nje ya kanda zilizotangazwa, kwenye jengo imara la matofali, hata shule iliyofunguliwa kuwa kimbilio, panatosha. Jazeni mafuta kabla ya kupakia mizigo, maana foleni hula tanki. Madaraja hufungwa upepo ukifika kama kilomita 64 kwa saa, kwa hiyo msipange kuvuka kesho mchana. Mkikuta maji barabarani, geuzeni: futi moja huyainua magari mengi, mbili huyabeba. Maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, ya siku tatu au zaidi. Pasi za kusafiria, vyeti na karatasi za uhamiaji kwenye mfuko wa plastiki, nawe uufunge kiunoni, usiuweke kwenye begi. Zimeni swichi kuu. Na jenereta ya jirani isiwashwe ndani wala kwenye gereji, moshi wake huua watu wakiwa wamelala.

Wageni wote hapa nimewaambia binti yangu ni nesi wa wagonjwa mahututi Marekani. Shangazi yako amesimama akapiga vigelegele. Sasa nesi gani anangoja mgonjwa abadilike rangi ndipo aite daktari?

Pesa ya turubai ilitosha, ikabaki elfu arobaini. Shangazi alisema ya mchele, mchele sijauona. Mbege imekuwa kali kidogo, ulezi ulizidi, ila wazee hawajalalamika. Kitenge ulichotuma mama amekivaa, kinambana mabegani, hatakwambia.

Mwambie mumeo hiyo TV anayoogopa kuiacha nitamnunulia nyingine. Ondokeni leo.

Mkifika msipige simu, mitandao huzidiwa na chaji huisha. Tuma meseji, neno moja tu, "tumefika", kwa namba yangu, si ya mama. Nitasubiri taarifa ya saa sita usiku. Nimemwambia nakesha uani kulinda turubai.

Baba yako