Risala ya Akina Mama wa Msikitini na Kanisani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake, Newala, Machi 8, 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji, sheikh wetu, mchungaji wetu, wazee wetu, akina mama na akina baba mliofika: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza utuwie radhi. Hujakuta sufuria jikoni wala soda mezani. Ramadhani iko wiki yake ya kwanza, na wenzetu wameingia Kwaresima Jumatano hii. Mwaka huu tumefunga pamoja, na anayekusomea risala hii ana kiu. Nikikwama kidogo, nivumilie.

Sisi ni akina mama 31. Tulianza na kikoba: hisa, daftari, na sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hulala nyumba tatu tofauti, za Waislamu na za Wakristo. Siasa hatukuwa nayo. Tulikuwa tunazika, tunaozesha, tunatunza yatima, tunafagia msikiti na kupamba kanisa. Tangu usichana tumeambiwa mwanamke mcha Mungu hajiingizi huko, na tusidanganyane, wengi wetu tuliamini.

Kilichotutoa ni maji. Uwanda huu wa Makonde unaujua, Mheshimiwa: huku juu mchanga na mikorosho, maji yako chini bondeni. Bibi zetu walishuka alfajiri, wakapanda na mitungi jua likiwa limeshawaka. Bomba lilipofika kijijini tulipiga vigelegele. Kisha kituo kikaharibika, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi tulikuwa tumelipa shilingi 50 kila ndoo kwa miezi mingi. Hela ya matengenezo ilikuwa wapi?

Mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa, mwenzetu mmoja, mwalimu wa madrasa, alisimama kule nyuma mkekani tunakokaa wanawake, akauliza hilo hilo. Aliyeshika kipaza sauti, na jina lake halina haja leo, akamjibu kwamba mama wa dini arudi kwenye maulidi yake. Watu wakacheka. Yule mama hakukaa. Alitoa kwenye mkoba daftari letu la kikoba, lenye doa la mafuta ya taa kwenye jalada, akaanza kusoma: tarehe, jina, kiasi, mpaka shilingi 200 ya faini ya aliyechelewa kikao. Alisoma ukurasa mzima, taratibu, kama anayesomesha watoto juzuu. Kisha akalifunga. "Sisi shule hatukufika mbali," akasema, "lakini letu ndilo hili. La maji nalo lije lisomwe."

Lilisomwa kikao kilichofuata, na halikupendeza masikioni. Kamati ikabadilishwa. Mtunza hazina wa sasa ni mama wa kwaya.

Tangu siku hiyo hatusemi tena kwamba siasa haituhusu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na sheria inataka uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Sasa tunakwenda, na tumeacha kukaa nyuma. Ilichukua karibu mwaka mzima kuusogeza ule mkeka mbele, maana kila tukiusogeza kuna mzee anaurudisha.

Na wanaosema haya ni mambo mapya tunawakumbusha Bibi Titi Mohamed. Alikuwa Mwislamu, mwimba ngoma wa Dar es Salaam, na miaka ya 1950 aliwaingiza TANU, chama kilichodai uhuru, wanawake wa vikundi vya lelemama, kadi kwa kadi. Siasa hiyo hiyo baadaye ilimfikisha gerezani, kwa hiyo hatusemi ni njia ya mteremko. Mwaka 1975 nchi hii ilipata mawaziri wake wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning. Na Mama Anna Abdallah, naye aliyekuwa waziri, ndiye aliyekuja kuongoza Bodi ya Korosho. Leo Rais ni mama mvaa mtandio. Watoto wetu wa kike hawaoni ajabu.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 nusura utuvunje. Wenzetu wawili waligombea, vyama tofauti. Kanga za vyama zikaingia kikobani. Kuna Jumamosi dua iliombwa na nusu ya watu hawakuitikia amina. Jambo hilo bado linatuumiza kulitaja. Tukakaa usiku, tukaweka sharti: kanga ya chama ibaki nyumbani, na mimbari isipige kampeni. Katiba yenyewe hairuhusu chama cha dini, itakuwaje sisi tufanye dini ya chama? Sheikh na mchungaji wakatuunga mkono. Mmoja wa wale wawili alipata viti maalum katika halmashauri ya kijiji. Mwingine alitaka uenyekiti wa kitongoji akashindwa. Jumamosi iliyofuata alikuja, akanunua hisa zake, akakaa pale pale anapokaa siku zote.

Yanayotukwaza yapo. Kwa asili yetu ukoo unahesabiwa kwa mama, lakini mkorosho unaandikwa jina la baba. Mama anapalilia, anaokota, anaanika. Siku ya mnada mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika kinachouza korosho zetu, ni mume, na kura kule ni ya mume. Akina baba mliopo mnacheka, ila mnajua.

Tunaomba, Mheshimiwa, mikutano ya kijiji isipangwe Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na tangazo lake lisomwe msikitini na kanisani, si kubandikwa tu kwenye mwembe wa ofisi. Tunaomba maofisa ushirika waje waeleze namna mama anavyoweza kuwa mwanachama wa AMCOS kwa jina lake. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake: maombi siku hizi ni ya mtandaoni, na kikundi kizima kina simu janja mbili, moja kioo kimepasuka. Tunaomba mtu wa kutukalia siku moja atuelekeze. Marejesho yasikutie wasiwasi, daftari umelisikia.

Oktoba mwaka huu kuna uchaguzi mkuu. Wapo kati yetu wanaofikiria udiwani. Majina hatuyataji, kampeni bado.

Mwisho, Mheshimiwa, usiondoke kabla ya magharibi. Adhana ikilia kuna uji, tende na ming'oko, na wenzetu wa Kwaresima wamekubali kukaa nasi jamvini.

Tunaomba kuwasilisha.