Sikukuu za wengine, zamu za wengine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu kauli ninayoisikia kila mwaka kalenda mpya zinapotundikwa ukutani: kwamba Tanzania tuna sikukuu nyingi mno, na ndiyo maana kazi haziendi. Mimi ni mstaafu, mkazi wa Pasua hapa Moshi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye meza ya likizo katika kiwanda kimoja cha mjini. Fomu za watu zilipita mikononi mwangu, pamoja na ugomvi wake. Nilichokiona ni kwamba wanaolalamikia wingi wa sikukuu ni wale wanaozila. Wanaozipika wako kimya, kwa sababu siku hiyo wako zamu.

Kwanza huo wingi wenyewe. Sikukuu zenye tarehe isiyohama ni 11, kuanzia Mwaka Mpya hadi tarehe 26 Desemba. Ongeza Pasaka, Idi zote mbili na Maulidi, basi. Na hapo bado Jumapili haijachukua chake. Jirani zetu wa Kenya, ukivuka tu Holili, sikukuu yao ikiangukia Jumapili wanapumzika Jumatatu yake. Sisi ikiangukia Jumapili imeliwa. Muungano wa mwaka 2026, tarehe 26 Aprili, ni Jumapili. Mfanyakazi atausherehekea kanisani au kitandani, Jumatatu alfajiri anakimbilia daladala kama kawaida.

Iliyokuwa ikinitoa jasho mimi ni Idi. Krismasi unaijua miaka kumi mbele, lakini Idi inasubiri mwezi uandame. Nilikuwa naandika ratiba mbili za zamu, moja ya kesho na moja ya keshokutwa, halafu jioni tunakaa na redio tukisubiri tangazo. Usiku saa tatu mwezi umeonekana, naanza kuwatafuta madereva. Vijana wa siku hizi wenye simu hawawezi kuelewa adha ya kumtafuta dereva wa kiwanda Majengo usiku, kwa miguu, na yeye tayari amekwenda kumsaidia shemeji yake kuchinja mbuzi.

Sasa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo. Wengi wanaishia hapo kusoma. Mstari wenyewe unaendelea kusema kwamba siku hizo zinahesabiwa pamoja na sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Nilikuwa nawaeleza wenzangu hili hadi sauti inakauka. Chukua anayeanza likizo tarehe 9 Desemba. Atamaliza tarehe 5 Januari, na humo ndani amezika Uhuru, Krismasi, siku inayofuata Krismasi na Mwaka Mpya. Sikukuu nne ambazo angepumzika hata bila fomu yangu! Angeanza katikati ya Januari, baada ya Mapinduzi, asingepoteza hata moja. Lakini nani atakubali? Mchagga umwambie Desemba abaki kazini, akuelewe?

Maana Desemba ndiyo mwezi wa kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotutania watu wa mikoa mingine. Na ukitaka kujua kama hiyo ni likizo, nenda Kibosho au Rombo wiki ya Krismasi ujionee. Mtu amesafiri na basi kutoka Dar es Salaam, amefika amevimba miguu. Kesho yake kuna kikao cha ukoo. Keshokutwa makaburi yanapakwa chokaa. Kuna posa ya binti wa kaka, kuna mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ambao wazee wameuhifadhi mwaka mzima wakisubiri wenye mji wao waje, kuna ubarikio wa watoto, na kila nyumba ukiingia unapewa mbege huku unaambiwa umekonda. Anarudi Dar amechoka kuliko alivyotoka. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba akirudi ofisini tarehe 6, yule bosi anayemuuliza "Mapumziko yalikuwaje?" anamwonea.

Kuna jambo lingine la fomu ambalo mpaka leo linanikera. Sheria hiyo hiyo inatoa angalau siku nne zenye malipo kwa msiba, na inawataja wanaohusika: mwenzi wa ndoa, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Baba mdogo hayumo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Kijana analelewa na baba mdogo tangu akiwa darasa la kwanza, anamsomesha, anamtolea mahari. Siku anapofariki, karani anatakiwa kumwambia kuwa huyo si wake. Ndiyo maana mabibi walikuwa wakifa sana kiwandani kwetu. Yuko fundi mmoja aliyefiwa na bibi zaidi ya mara ninazoweza kuzieleza kibaiolojia, na bosi wangu alikuwa akiweka sahihi bila kuinua macho. Wabunge wetu waliangalie hili. Wangeandika "aliyemlea" tu, uongo mwingi ungekwisha.

Nirudi kwa wapishi wa sikukuu. Hapa mjini kwetu kila likizo ya mgeni ni kazi ya mwenyeji. Msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya wageni wanajaa, wanataka kuuona mwaka mpya wakiwa Kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Nyuma yao wamo wagumu, vijana wetu wanaobeba mahema, mitungi ya gesi, mayai na viti vya kukunja. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgumu mmoja, na mizani ipo getini. Usiku wa kuamkia kileleni safari inaanza karibu saa sita, ili jua liwakute juu, na kwa sababu saa hizo kokoto zimeganda kwa baridi hazitelezi sana. Unapomwona mgeni kwenye picha amenyanyua mikono juu, ujue kule kambini kuna mtu ameshaanza kuchemsha maji.

Wagumu hulipwa kwa safari. Ikifika masika, Machi hadi Mei, mlima unanyesha na wageni wanapungua, nao wanakaa Kiboriloni na Soweto wakicheza bao. Pasaka, Karume, Muungano na Mei Mosi mara nyingi zinawakuta humo humo. Hizo ndizo likizo zao, bila senti.

(Kwa kuwa nimeutaja mlima: nimestaafu nikapata muda wa kuuangalia. Asubuhi uko wazi, unahesabu hata mikunjo ya barafu. Ikifika saa nne unajifunika, na wageni waliochelewa kunywa chai wanauliza ulikokwenda. Jua likipasha joto mabonde, hewa yenye unyevu wa msituni inapanda mteremko, huko juu inapoa na kuwa wingu. Jioni ardhi inapoa na pazia linafunguka. Nimeishi chini yake maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza, kwa kuwa saa nne nilikuwa ofisini.)

Sikukuu ya Krismasi iliyopita nilimsindikiza mgeni wangu kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi. Mapokezi nilimkuta binti aliyeniamkia vizuri, macho mekundu. Amekesha. Nikamuuliza, kwa mazoea yangu ya kazi, sikukuu wanalipwaje. Akacheka. "Babu, tunalipwa pilau." Akanionyesha sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine juu ya kaunta, na soda ya moto pembeni. Nikamwambia sheria inasema kila saa aliyofanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ameshinda bahati nasibu ambayo hakununua tiketi. Kisha akaniomba nishushe sauti, tajiri yuko nyuma.

Simlaumu tajiri moja kwa moja. Ninawajua wenye maduka na hoteli ndogo wa mji huu, na wengi wao kifungu hicho hawajakisoma, na aliyekisoma hana haraka ya kukisimulia. Maofisa kazi hawawezi kufika kila kaunta. Lakini binti wa kaunta anasoma gazeti, hata kama ni lile lililofungia vitumbua.

Ombi langu basi, Mhariri, ni kwako. Kila sikukuu gazeti linajaa matangazo ya salamu: picha ya mkurugenzi amevaa suti, chini yake "Uongozi na wafanyakazi wote wanawatakia heri". Matangazo hayo yaendelee, ndiyo yanayolisha gazeti. Lakini pembeni yake, kwenye ukurasa huo huo, wekeni kisanduku kidogo cha mistari miwili mitatu: leo ni sikukuu ya taifa, aliyeko kazini anastahili malipo mara mbili kwa kila saa. Kianze na Nane Nane. Kikitoka, nitanunua nakala kadhaa nizipitishe stendi mwenyewe.

Mstaafu,
Pasua, Moshi