Kuhusu chipu ya kifaa chako cha kunasa mazungumzo ya kadi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na wote nyumbani hawajambo. Nimefurahi mno kusikia kifaa chako, kile cha kusikiliza kadi mahiri (zenye chipu, kama SIM) zikiongea na kisomaji, kitakuwa huria chote, tangu mchoro wa saketi hadi programu. Kadi tunazotembea nazo zimebeba siri zetu, na mwenye kadi ana haki ya kujua kadi yake inaambiana nini na kisomaji. Kwa hiyo, kwa kuwa unauliza uchague maikrokontrola ipi (chipu yenye prosesa, kumbukumbu na pini zake), naomba usiichague kwa kuvutiwa na kasi wala ukubwa wa kumbukumbu.

Swali la kwanza ni hili: chipu hiyo inaweza kufuata saa isiyo yake? Kisomaji ndicho kinachoipa kadi mapigo ya saa, megahezi 1 hadi 5 mwanzoni, na kila biti hudumu mapigo 372 mpaka pande mbili zikubaliane vingine. Saa ikiwa megahezi 3.5712 unapata biti 9600 kwa sekunde, ndiyo sababu wengi huona UART ya kawaida (saketi ya kupokea biti moja moja kwa kasi iliyopangwa) inatosha. Kwa kisomaji hicho, ATR, yaani jibu la kwanza la kadi ikiwashwa, utaipata vizuri. Kisha huja PPS, makubaliano ya kasi mpya, biti inashuka hadi mapigo 16 au hata 8, na kisomaji kingine kinakuja na saa yake tofauti kabisa. Ukikisia kasi utapoteza baiti. Ukihesabu mapigo yenyewe, kasi haikusumbui tena.

Hapo ndipo STM32F103 uliyoitaja inaponitia wasiwasi. USART yake, aina ya UART yenye pini ya saa pia, ina hali ya kadi mahiri, lakini pini yake ya saa hutoa mapigo tu, haipokei. Imeundwa iwe kisomaji. Unaweza kutumia taima kuhesabu mapigo ya nje, ila kazi yote ya kupanga biti itakuangukia wewe.

Watu wa Osmocom, mradi huria wa programu za simu, walitumia chipu ya AT91SAM7S kwenye SIMtrace ya kwanza, kifaa chao cha kunasa mazungumzo ya SIM, wakahamia SAM3S kwenye ya pili. USART ya SAM3S ina hali ya ISO 7816 (kiwango cha kadi mahiri) na inakubali saa ya nje, na programu yao iko wazi. Hata ukichagua chipu nyingine, isome kwanza.

Mimi ningechukua RP2040. Ina PIO mbili (saketi za pini zinazoandikiwa programu), kila moja na mashine nne ndogo zinazofanya kazi bila kuishughulisha prosesa. Mashine moja inasubiri laini ya I/O, inayopitisha data, ishuke, halafu inahesabu mapigo kwa maagizo matatu tu: subiri saa ipande, subiri ishuke, punguza hesabu. Kwa megahezi 125, pigo moja la saa ya megahezi 5 lina mizunguko 25, kwa hiyo nafasi ipo tele. Angalia jambo moja: agizo la SET, la kuweka namba, halibebi namba inayozidi 31, hivyo 372 ipitishe kwenye FIFO, foleni inayotoka kwa prosesa. Usilione hilo kuwa kero, maana ndilo linalonipendeza zaidi. PPS ikipita, prosesa inatuma 16 badala ya 372 na programu ya PIO haiguswi. RST, laini ya kuanzisha kadi upya, ikishuka, unarudisha 372. Na baiti ya kwanza ya ATR ndiyo itakayokuambia kama biti zimegeuzwa: 3B ni za kawaida, 3F zimegeuzwa.

Kwenye volti usilegeze hata kidogo. Kadi huweza kutumia volti 5, 3 au 1.8. RP2040 haivumilii 5, na ikiwa kwenye 3.3 inahitaji angalau volti 2 ili ihesabu kuwa ni moja, kwa hiyo kadi ya 1.8 huenda isisikike kabisa. Weka kibadilisha volti kinachopima kiwango kutoka VCC (laini ya umeme) ya kadi yenyewe, na kiwe cha upande mmoja. Vile vinavyojitafutia mwelekeo vinaweza kusukuma laini ya I/O, na katika T=0, itifaki ya kadi ya kutuma baiti moja moja, laini ikivutwa chini mwishoni mwa baiti maana yake ni kosa la pariti (biti ya ukaguzi). Kadi itarudia baiti ambayo kisomaji hakikuomba irudiwe, nawe utakuwa unarekodi vurugu uliyoizua mwenyewe.

Kuhusu USB usihangaike, ile ya megabiti 12 kwa sekunde inatosha. Ukiyafunga matokeo kwa GSMTAP (muundo wa kufungia data ya simu), Wireshark, programu ya kuchambua mawasiliano, itakusomea amri za SIM bila wewe kuandika kichambuzi.

Nitumie mchoro kabla hujaagiza bodi. Nitaanzia kwenye njia ya I/O.

Wako daima,
Idrisa