Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Kila saiti ipate mtunza nyaraka

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: MICHORO ILIYOFUTWA KUENDELEA KUTUMIKA KWENYE SAITI ZA HALMASHAURI

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu zilizopitia masijala zimejibiwa kwa maneno yaleyale, "suala linafanyiwa kazi", na kazi yenyewe hatujaiona. Wiki iliyopita zimeanza kuvunjwa nguzo tano za upande wa ngazi katika jengo la ghorofa la madarasa. Zege lake halikuwa bovu. Nondo zilifungwa vizuri, na mafundi walifuata mchoro mstari kwa mstari. Shida ni kwamba mchoro wenyewe ulikuwa umeshafutwa.

Mchoro namba ST-104, toleo B, unaonyesha nguzo yenye nondo sita za milimita 12, na ringi, yaani nondo nyembamba zinazozifunga hizo kubwa pamoja, kila baada ya milimita 200. Ngazi zilipohamishwa, mhandisi wa miundo alipiga hesabu upya akatoa toleo C: nondo nane za milimita 16, ringi kila baada ya milimita 150. Toleo C lilifika halmashauri kama kiambatisho cha barua. Masijala wakagonga muhuri, wakaipa barua folio, yaani namba yake jaladani, na jalada likaenda kusubiri dokezo la ofisa. Kule saiti, karatasi iliyobandikwa kwenye kontena ilibaki ileile ya B. Kuna aliyepiga picha ya toleo C akamtumia foromani kwa WhatsApp. Picha ikitumwa hivyo hubanwa, na mchoro wa ukubwa wa A1 ukishabanwa kuingia kwenye kioo cha simu, 12 na 16 hazitambulikani tena. Foromani akafuata karatasi ya ukutani. Fundi yeyote angefanya hivyo, na tunaomba asiadhibiwe kwa kosa lisilo lake.

Ndugu Mkurugenzi, siku ya kumkabidhi mkandarasi eneo la kazi, ulisema mbele ya diwani na wazazi kwamba kila saiti ya halmashauri itakuwa na ofisi yenye kumbukumbu kamili. Hukusema tu. Kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake katika mkataba, sehemu ya gharama za awali, kuna mstari wa ofisi ya saiti, kabati la chuma, printa na mtunza nyaraka. Mstari huo una bei, na hati za malipo zimeshapita. Leo anayeshika faili za saiti ni mtunza stoo. Muulize mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotoka, atakujibu bila kufungua daftari. Muulize toleo la mchoro linalotumika, atakuonyesha bunda la karatasi juu ya marundo ya nondo. Hakuna aliyemfundisha, na kazi aliyoajiriwa nayo inamtosha.

Kwa nini imekuwa hivi? Tunavyoona sisi, wengi wanamchukulia mtunza nyaraka kama karani wa kupanga karatasi, hivyo bajeti ikibana ndiye wa kwanza kukatwa. Na huenda, tunalisema kwa tahadhari, wapo wanaonufaika na maelekezo ya mdomo. Kazi ya nyongeza isiyo na hati inaweza kupewa bei yoyote baadaye, na hakuna wa kubisha.

Kazi ya mtu huyu ni ya kila siku na haina siri. Mchoro ukifika, kabla haujaguswa na fundi, unaingia kwenye rejista: namba, toleo, tarehe ya kupokelewa, nani ameuleta, umeidhinishwa kwa ujenzi au ni wa kutolea maoni tu. Hilo la mwisho linasahaulika sana, na mchoro wa kutolea maoni hauruhusiwi hata kidogo kufika kwa wafunga nondo. Kisha nakala zinatolewa kwa hati ya makabidhiano yenye sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Kama nakala nne za toleo B zilitolewa, basi siku ya toleo C lazima nakala nne zirudi. Tatu hazitoshi. Hiyo moja iliyobaki mfukoni mwa fundi au ukutani kwenye kontena ndiyo itakayojengewa. Zilizorudi, moja inagongwa muhuri mwekundu wa UMEFUTWA na kuwekwa kwenye faili, kwa kuwa siku moja kuna atakayeuliza nini kilibadilika na lini. Nyingine zinachanwa. Hapo ndipo saiti zetu zinapoharibikia: toleo jipya linaletwa, la zamani halikusanywi.

Kinga ya pili ni fomu ya kibali cha kumwaga zege. Fomu zinazotumika sasa zina nafasi ya tarehe, sehemu ya jengo na sahihi. Ongezeni mstari mmoja: namba ya mchoro na toleo lake. Msimamizi akiandika ST-104 toleo B, mtunza nyaraka anafungua rejista, anakuta C, zege linasimama. Ukaguzi huo ni wa dakika tano. Nguzo zinazovunjwa sasa zinahitaji jembe la umeme, jeki za kushikilia bimu, nondo mpya na zege jipya, na madarasa yanayosubiriwa na watoto yanazidi kuchelewa.

Tuongeze suala la kyubu za zege, yaani vipande vya mchemraba vya kupimia nguvu ya zege, maana linaumiza vilevile. Kyubu za milimita 150 zinapelekwa maabara, zinapondwa siku ya 7 na siku ya 28. Juu ya kyubu nyingi tunakuta pameandikwa "nguzo" na tarehe basi. Nguzo ipi? Ghorofa ya ngapi? Majibu ya siku ya 28 yakija chini ya kiwango, mhandisi hajui akapime wapi, na wakati huo juu ya nguzo hizo pameshamwagwa slabu. Namba ya kyubu lazima iwe ndiyo namba ya kibali cha kumwaga, na cheti cha maabara kikirudi kibanwe pamoja na kibali chake.

Simu hatuzikatai. Anayetuma mchoro kwa WhatsApp autume kama faili la PDF, asiutume kama picha, na jina la faili liwe namba, toleo na tarehe, lisiwe "mchoro mpya wa mwisho kabisa". Hata hivyo ujumbe wa simu hauwi maelekezo mpaka uandikwe kwenye kitabu cha maelekezo cha saiti na kusainiwa. Simu huibiwa, hufutwa, huhama na mwenyewe akihamishwa kituo.

Hakuna jipya tunalolibuni. Mkataba wa FIDIC, ule wa kimataifa wa kazi za ujenzi, wa mwaka 1999, kifungu cha 1.8, unamtaka mkandarasi atunze saiti nakala ya mkataba, michoro, mabadiliko na mawasiliano yote yaliyotolewa chini ya mkataba. Mkaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye akija haanzi na ukuta, anaomba jalada, na lisipopatikana inakuwa hoja. Ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, na kabla yake lile la Mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013, nchi nzima iliuliza: nani alichora, nani aliidhinisha, kibali kilisemaje? Tunaomba majibu ya maswali hayo yawe kwenye kabati lako sasa, jengo likiwa limesimama.

Tunajua utaambiwa kuna mambo makubwa zaidi, na kweli malipo ya mkandarasi yamechelewa na barabara ya kuingia saiti ni mbovu. Hayo yana vikao vyake. Sisi tunaomba mtunza nyaraka. Mmoja kwa kila saiti, mwenye rejista, muhuri mwekundu, chumba kisichovuja na kabati la chuma ambalo mchwa hawaliingii. Awe na mamlaka ya kusimamisha zege pale toleo lisipolingana, hata foromani akipiga kelele, hata mchanganyiko ukiwa tayari kwenye mashine.

Slabu ya ghorofa ya kwanza inatarajiwa kumwagwa mwezi huu. Mchoro wake pia una toleo jipya, na nakala za zamani bado ziko mikononi mwa mafundi. Toa agizo zikusanywe zote, zihesabiwe dhidi ya hati za makabidhiano, na zege lisimwagwe mpaka hesabu ikamilike. Usisubiri dokezo, Ndugu Mkurugenzi. Agizo hilo litolewe wiki hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi sanifu na wasimamizi wa saiti za Halmashauri