Ile filamu ya walimu wanne

Moshi
Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu Baba Neema,

Salamu sana. Huku sote wazima, ila baridi ya Juni imeanza na magoti yananiambia umri. Mama watoto anakusalimu, anasema alizeti ulizotuma zilifika salama na mafuta yake tumeshayamaliza nusu.

Juzi uliniuliza kwenye simu ile filamu ya Denmark inahusu nini, nikakujibu "walevi tu," ukacheka, kisha salio likakatika. Lile lilikuwa jibu la hovyo. Nimekaa nalo siku tatu, nikaona nikuandikie, maana mambo mengine simuni hayasemeki.

Inaitwa Druk, yaani ile kunywa ya kupitiliza. Ilitoka mwaka 2020, mwongozaji wake ni Thomas Vinterberg. Binti yangu alikuwa nayo kwenye kompyuta yake, mimi nikajisogeza nikiwa na karatasi za kusahihisha mapajani. Sikusahihisha hata moja.

Ni walimu wanne wa sekondari pale Copenhagen. Wa historia, wa michezo, wa muziki na wa saikolojia. Yule wa historia, Martin (anaigiza Mads Mikkelsen), ni sisi kabisa. Anaingia darasani kama mtu aliyepotea njia. Kuna mahali wanafunzi na wazazi wao wanamwita kikao, wanamweleza kwa adabu kwamba wanaogopa watafeli kwa sababu yake. Anawatazama tu. Baba Neema, pale hakuna aliyekunywa hata tone, na kwangu mimi ndipo penye aibu kuliko kote. Nilikumbuka lile daftari langu la notisi, unalijua, lenye jalada lililoliwa na mende, ambalo nimewasomea watoto tangu tuhamishwe kutoka kule.

Sasa mmoja wao anatimiza miaka 40, wanakwenda kula. Martin anaagiza maji, anasema anaendesha gari. Wanambembeleza, anaonja kidogo, anaongeza, halafu machozi yanamtoka mezani mbele ya watu wazima wenzake. Hapo ndipo yule wa saikolojia analeta hoja ya daktari wa akili wa Norwei, Finn Skårderud: kwamba eti binadamu huzaliwa na upungufu wa kilevi katika damu, asilimia 0.05, na akikijaza anakuwa timamu zaidi. Wanaamua kuijaribu kama utafiti. Wananunua vipima ulevi, wanaandika ripoti, wanakunywa saa za kazi tu, ikifika saa mbili usiku marufuku. Wasomi bwana. Sisi tungekwenda grosari tu bila kuandika chochote.

Na inafanya kazi! Hilo ndilo ninalotaka kukwambia, kwa sababu filamu zetu za pombe na mahubiri yetu yote huanzia mtaroni. Hii inaanzia kwenye raha. Martin anarudi darasani amechangamka, anawapa watoto mtihani: wagombea watatu, mchague nani. Wa kwanza ana polio, anakunywa, si mwaminifu kwa mkewe. Wa pili ni mnene, ameshindwa chaguzi, anabugia pombe kupita kiasi. Wa tatu shujaa wa vita, anapenda wanyama, sigara hagusi, pombe kwa nadra. Darasa linamchagua wa tatu. Basi wa kwanza ni Roosevelt wa Marekani, wa pili Churchill wa Uingereza, na wa tatu ni Hitler. Nimeliiba somo hilo, nitalitumia muhula ujao na kidato cha nne.

Nikwambie jambo ambalo hata mama watoto halijui. Zile siku za viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kabla serikali haijavipiga marufuku 2017, nilikuwa na kipindi cha kidato cha tatu baada ya chai. Siku moja nilikata kimoja nyuma ya stoo ya majembe, nikatafuna karafuu, nikaingia. Mkutano wa Berlin. Nikawagawia watoto Afrika kwa chaki, huyu Mjerumani, yule Mbelgiji, mwingine analia Kongo yake imeibwa. Walicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Kengele ilipolia hawakutaka kutoka. Wiki iliyofuata nikarudi nyuma ya stoo. Na nyingine. Kilichonitoa pale si akili, ni kwamba siku moja nilikuta kikaratasi kimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa kitoto: "Mwalimu usitupe plastiki hapa." Wala hawakusema ni plastiki ya nini.

Filamu inakwenda hivyo hivyo. Asilimia 0.05 haitoshi, wanapandisha, wanapandisha tena, mpaka Martin anaamka nje, uso umechubuka, mwanawe amesimama juu yake. Ndoa inapasuka. Watatu wanashtuka, wanaacha utafiti wao.

Wa nne ni Tommy, mwalimu wa michezo. Huyo haachi. Na si kwamba alikuwa mlevi kuliko wenzake tangu mwanzo. Ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote, kuna katoto kamoja kenye miwani ambako hakuna anayekapasia mpira, yeye anakashika mkono. Tofauti ni kwamba Martin na yule wa saikolojia wakirudi nyumbani wanakuta mtu wa kuwagombeza. Tommy anamkuta mbwa mzee. Siku moja anapanda mashua yake na mbwa huyo, anaelekea baharini, na tunachokutana nacho tena ni msiba.

Nilisimamisha filamu pale nikatoka nje. Binti akauliza, baba vipi, nikasema nafuata maji.

Mwisho wake siwezi kuueleza ukatosheka. Watoto wamefaulu, wamevaa kofia zao nyeupe, wako juu ya lori wanapiga kelele, na Martin, mtu aliyetoka kumzika rafiki, anacheza dansi hapo bandarini. Mikkelsen aliwahi kuwa mchezaji dansi wa kulipwa, kwa hiyo anacheza kweli, anaruka kuelekea majini, picha inasimama yuko hewani. Sijui anaanguka au anapaa. Binti anasema anapaa.

Baadaye akanisomea kwamba Vinterberg alifiwa na bintiye, Ida, kwa ajali ya gari siku nne tu baada ya kuanza kupiga picha. Alikuwa na miaka 19, naye alikuwa aigize humo humo. Miezi miwili kabla ya kufa alikuwa huku Afrika, akamwandikia baba yake barua kwamba ameusoma mswada na ameupenda mno. Baba akaimalizia filamu kwa ajili yake. Alipopokea tuzo ya Oscar 2021 aliisimulia barua hiyo jukwaani, sauti ikimkatika.

Sasa wewe. Tulipokutana kwenye usahihishaji Dodoma, ile chupa yako ya bluu ulisema ni chai ya rangi. Nilikaa jirani yako siku tisa, Baba Neema. Sikusema neno, kwa sababu na mimi nilikuwa na stoo yangu ya majembe, na kwa sababu ulikuwa unachekesha meza nzima. Tangu Neema aende chuo na mama yake arudi kwao, unanipigia saa nane usiku, tunacheka, asubuhi hukumbuki tulichoongea. Nimeangalia.

Jumamosi alfajiri napanda basi la Singida. Ruhusa nimeshaomba, nina siku nne. Usinichinjie kuku wala usimpe mtu yeyote taarifa, tutakaa tu barazani kwako, na kama hutaki kuongea nitakuja na zile karatasi nisahihishe.

Nikifika stendi nitakupigia. Pokea.

Ni mimi,
Baba Upendo