Salamu za Shukrani: Msiba wa Baba Yetu, Jeolla Kusini

Familia ya marehemu baba yetu, wa Jeolla Kusini, Korea, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliosimama nasi kwa hali na mali tangu alipofariki, akiwa na miaka 82, hadi tulipomzika. Naandika mimi, mkwe wake wa Tanga, kwa niaba ya mume wangu na mawifi zangu. Wengi wenu mlimjua kama "baba mkwe wa dada yetu" tu, na ni haki yake mjue mlikuja kumzika nani.

Baba aliajiriwa miaka ya 1960 kama karani wa ngazi ya chini kabisa katika ofisi ya kata. Mwaka 1970, serikali ilipogawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji na harakati za Saemaul, yaani "Kijiji Kipya", za kuendeleza vijiji zikaanza, daftari la kuhesabia lilikuwa mikononi mwake. Watu walitaka kila nyumba ichukue fungu lake. Amri ilisema saruji ni ya kazi za kijiji kizima. Alitusimulia kwamba kuna usiku alilala juu ya mifuko hiyo.

Kisha ukaja mpunga wa Tongil, mbegu mpya ya serikali. Ulizaa sana, lakini wali wake haukupendwa na mmea wenyewe haukuweza baridi. Maofisa walitumwa kuwashurutisha wakulima, hata kukanyaga vitalu vya mbegu za zamani. Baridi ya 1980 ilipoharibu mavuno, waliolaumiwa kijijini ni akina Baba, si waliotoa amri Seoul. Mzee mmoja alifika msibani akamlalamikia Baba mbele ya picha yake kwa kitalu kilichokanyagwa enzi zile, akalia, kisha akaketi akala mabakuli mawili ya supu. Naye tunamshukuru sana.

Alipanda hadi kuwa mtendaji wa kata. Mwaka 1995 akajiuzulu, maana sheria haimruhusu mtumishi kugombea akiwa kazini, akasimama udiwani katika uchaguzi wa tarehe 27 Juni. Madiwani wa wilaya wakati huo hawakuwa na mshahara wala hawakupitia chama. Ilipofika 2006 vikaja vyote viwili, mshahara na tiketi ya chama. Yeye akaaga, akasema hakuacha utumishi ili akapange foleni kwa mwenyekiti. Mimi namwona alikuwa mkaidi kidogo. Mume wangu hakubaliani nami.

Tangu 2004 sheria ya uchaguzi ilimkataza diwani kutoa rambirambi kwa wapiga kura. Kwa hiyo alikwenda misibani mikono mitupu, akakaa mpaka watu wa mwisho wanaondoka. Siku zile tatu kwenye ukumbi wa hospitali tuliona waliokuja kumlipa ukaaji huo.

Shukrani za pekee ziwaendee akina mama wa Kitanzania na Kikenya mliotoka Seoul na Gwangju, mkafunga aproni bila kuulizwa, mkasambaza supu ya nyama na pilipili kana kwamba mko Ngamiani. Mliosujudu mara mbili kwa desturi ya hapa, na ninyi ambao imani haiwaruhusu mkaweka ua la krisanthemu na kusimama kimya, heshima zenu zote zimepokelewa.

Kuhusu bahasha, msituelewe vibaya. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya serikali, na sheria ya kuzuia rushwa iliyoanza kutumika 2016 inambana katika anachopokea. Ndiyo maana wazazi wa wanafunzi wake wamerudishiwa walichotoa. Najua kwetu kurudisha rambirambi ni kama tusi, lakini hapa ni sheria.

Ndugu zetu wa Tanga, Nairobi na Muscat, simu zenu za usiku tumezihesabu kama mlifika.

Siku ya 49 tangu alipofariki tutamsomea hekaluni, kwa desturi ya Kibudha, asubuhi. Atakayeweza kufika anipigie nimwelekeze basi. Maua hatuhitaji, mama mkwe anaomba mje na watoto.

Kwa niaba ya familia,
Mkwe wa marehemu